Ujira, Shukrani na Chambo: Mwanafunzi Anapoitwa Jeshini kwa Fedha

Ndugu wanafunzi, wazazi, na walimu wenzangu,

Usiku mmoja simu yangu ililia mara nne mfululizo. Zilikuwa picha za kurasa za fomu, zimepigwa juu ya meza ya kulia chakula, na pembeni ya kila picha kidole gumba cha mpigaji kimejitokeza. Chini yake palikuwa na ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kusoma hii kabla ya Jumatatu. Kiingereza naelewa, ila nataka mtu mwingine naye aione."

Kijana yule nilimfundisha kabla familia yake haijahamia Marekani. Alikuwa amemaliza sekondari kule, chuo kimemkubali, ada hana. Fomu yenyewe ni mkataba wa kujiunga na jeshi la Marekani, wenyewe huuita DD Form 4. Niliisoma mpaka nikafika kwenye kipengele ambacho sijakisahau hadi leo. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba sheria na kanuni zinazowahusu wanajeshi zinaweza kubadilika bila yeye kupewa taarifa, na mabadiliko hayo yanaweza kugusa hadhi yake, mshahara wake, posho zake, mafao yake na wajibu wake, hata kama mkataba huu umeandika vingine. Neno lenye maana ya "hata kama" limechapwa kwa herufi kubwa, katikati ya sentensi ya herufi ndogo. Hawakulificha.

Nikampigia. "Umekiona hiki kipengele?"

"Nimekiona mwalimu."

"Na wewe kwa upande wako, unaruhusiwa kubadilisha nini?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi nikishatia saini sibadilishi kitu."

Nimewaletea kisa hiki kwa sababu mada niliyopewa ni maadili ya kutumia fedha kuwavuta wanafunzi waingie jeshini, na kila nikiifikiria mada hii narudi kwenye zile herufi kubwa.

Sikuja kulisema jeshi vibaya. Nina ndugu wa damu waliovaa sare, na ninajua kwamba nchi isiyowalipa askari wake inawafundisha kujilipa kwa raia. Askari alipwe, na alipwe vizuri. Akiumia atunzwe, akifa watoto wake wasomeshwe. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hapo. Inahusu fedha inayowekwa mbele ya mtu wa miaka 17 au 18, aliyeketi bado kwenye dawati, ili akubali kuwa askari kabla hajajua kama anataka kuwa askari. Na msimamo wangu nautoa mapema msije mkahangaika kuutafuta: fedha hiyo ni halali ikiwa ujira, ni njema ikiwa shukrani, na ni dhuluma ikiwa chambo.

Ujira unalipwa kwa kazi, na mtu anajua ni kazi gani. Shukrani inakuja baada ya kazi, kwa mtu ambaye hakuifanya kwa ajili yake. Chambo nacho ni chakula cha kweli kabisa. Watu hudhani samaki hudanganywa kwa chakula cha uongo, lakini mnyoo ni mnyoo, na dagaa ni dagaa. Anachofichwa samaki ni ndoana. Ndiyo maana simwambii mtu yeyote kwamba ahadi za waandikishaji ni uongo mtupu. Nyingi ni za kweli. Wako watu wengi waliosomeshwa na jeshi wakawa madaktari, wahandisi na walimu. Swali langu ni juu ya ile sehemu isiyoonekana kwenye bango.

Desturi hii ina umri. Waingereza walikuwa na kitu walichokiita kupokea shilingi ya mfalme. Sajini alizunguka masokoni na kwenye vilabu vya pombe, akamtia kijana shilingi mkononi, na kwa kuipokea tu kijana alihesabika amekubali. Sheria ilimpa nafasi ya kufika mbele ya hakimu na kujinasua, lakini arudishe alichopewa na kuongeza fedha nyingine juu yake. Sasa mtu aliyeipokea shilingi moja kwa sababu ya ufukara, hiyo ya kuongeza angeitoa wapi? Desturi ile ilifutwa mwaka 1879. Wakati huo Waingereza wenyewe walikuwa wameona kwamba mapatano ya namna ile hayana heshima kwa anayetoa wala anayepokea.

Tazameni mfano ulio kinyume chake. Tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ambayo mpaka leo Wamarekani wanaiita GI Bill. Iliwalipia askari waliorudi vitani ada ya masomo na posho ya kujikimu. Kufikia mwaka 1956, askari wa zamani wapatao milioni 7.8 walikuwa wameitumia kusoma vyuoni au kujifunza kazi. Haikuwa sheria isiyo na doa. Askari weusi, hasa wa majimbo ya kusini, walizungushwa na maofisa wa huko na kufungiwa milango ya vyuo, na hilo lisemwe kila sheria hii inaposifiwa. Lakini nawaomba mwangalie mpangilio wake wa wakati. Watu wale wengi wao waliitwa kwa lazima. Hakuna aliyeshuka kwenye fukwe za Normandy akiwaza ada ya chuo. Kazi ilitangulia, fedha ikafuata. Hiyo naiita shukrani.

Mwaka 1973 Marekani iliacha kuandikisha watu kwa lazima, na jeshi likawa la wanaojitolea. Tangu hapo manufaa yaleyale ya masomo yalihama kutoka mlango wa kutokea hadi mlango wa kuingilia. Yakawa bango. Mwaka 2008 Bunge lao lilipitisha sheria mpya ya masomo kwa waliotumikia baada ya Septemba 11, iliyosukumwa na Seneta Jim Webb, ambaye mwenyewe alipigana Vietnam. Ni sheria ya ukarimu mkubwa: anayetimiza miezi 36 ya utumishi hulipiwa ada yote ya chuo cha umma cha jimbo lake, pamoja na posho ya nyumba na fedha ya vitabu. Ila mjadala uliotangulia ulinifundisha mengi kuliko sheria yenyewe. Baadhi ya wapinzani wake walihofia kwamba ikiwa nono mno, askari watatoka mapema waende kusoma. Yaani elimu ile ilikuwa inapimwa kama kwa mizani ya dukani: iwe tamu kiasi cha kumwingiza mtu, lakini isiwe tamu kiasi cha kumtoa. Shukrani haipimwi hivyo.

Na ukisoma masharti yake utakutana na ndoana ndogo. Mafao hayo ya masomo anapewa aliyeachishwa kwa heshima kamili. Yako madaraja ya kuachishwa yaliyo chini kidogo tu ya hapo, ambayo si ya aibu wala si ya jinai, na hayo hayatoshi. Kijana anayeondolewa kwa sababu ya mienendo iliyoanza baada ya kuona mambo ambayo hakuna binadamu anayeyaona akabaki sawa, anaweza kuondoka bila ile ada iliyompeleka.

Nije karibu zaidi na miaka yetu. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa linatafuta askari wapya 60,000 na likapungukiwa na wapatao 15,000. Januari ya mwaka huohuo lilikuwa limetangaza bonasi ya kujiunga ya hadi dola 50,000. Neno la kutazamwa hapo ni "hadi". Ni neno dogo, lakini ndilo linalobeba sentensi nzima. Kiwango hicho kilikuwa cha wanaosaini miaka sita, kwa kazi fulani ngumu kujazwa, kwa kujumlisha motisha moja juu ya nyingine. Kijana aliyesimama mbele ya bango haoni "hadi". Anaona 50,000. Mimi ningekuwa na umri wake nisingeiona pia.

Agosti mwaka huohuo Rais Joe Biden akatangaza mpango wa kufuta sehemu ya mikopo ya masomo. Mbunge mmoja wa Indiana, Jim Banks, alilalamika hadharani kwamba kufuta mikopo hiyo kunadhoofisha moja ya nyenzo kubwa kabisa za jeshi za kuvutia watu. Namshukuru kwa kusema wazi. Maana ukiyageuza maneno yake upande wa pili, yanakuambia hivi: deni la mwanafunzi lina kazi. Wanafunzi wakiwa huru na deni, foleni ya kujiandikisha inapungua. Wakati ule madeni ya masomo Marekani yalikuwa yamepita dola trilioni 1.6. Sisemi kwamba kuna mtu aliketi chumbani akapanga ada zipande ili vijana waende vitani. Sina sababu ya kuamini hivyo. Nasema kwamba mtu akishanufaika na mlango kufungwa, hana haraka ya kutafuta ufunguo.

Hapa wengine watanikatiza, na wana haki. Watasema: hiari yashinda utumwa. Kijana amekuja kwa miguu yake, amesoma, amesaini. Wewe ni nani umwambie hajui anachotaka? Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipita mbio.

Kabla ya 1973, Rais Nixon aliunda tume iliyoongozwa na Thomas Gates, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo mchumi Milton Friedman. Mwaka 1970 tume ile ilieleza kwamba kumwita kijana kwa lazima na kumlipa kidogo ni kumtoza kodi ya siri: anachangia ulinzi wa nchi kwa miaka yake, na waliobaki nyumbani wanapata ulinzi kwa bei ya chini. Bora walipwe vizuri na waje kwa kupenda. Nikisoma hoja hiyo naikubali zaidi ya nusu. Nakumbuka pia kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sheria ya mwaka 1863 ilimruhusu mwenye dola 300 kuzilipa na asiende. Maskini wa New York walifanya ghasia mwezi Julai mwaka huo, na hasira yao, pamoja na ukatili mbaya walioufanya dhidi ya watu weusi wasio na hatia, ilikuwa na kiini kimoja cha haki: damu ya tajiri ilikuwa na bei ya kukombolewa, yao haikuwa nayo.

Lakini hebu tuifananishe hali ile na hii. Zamani mwenye fedha alilipa ili asiende. Leo asiye na fedha analipwa ili aende. Mwelekeo wa fedha umegeuka, wanaobaki nyumbani ni walewale.

Niseme haki hapa, maana jambo hili husemwa ovyo. Si kweli kwamba jeshi la Marekani limejaa mafukara wa mwisho. Takwimu za wizara yao ya ulinzi zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wengi wanatoka kwenye familia za kipato cha kati, na wale wa chini kabisa na wa juu kabisa ni wachache kuliko idadi yao katika nchi. Jeshi linataka cheti cha sekondari, linataka afya, linataka alama za mtihani. Kwa hiyo anayetafutwa ni yule mwenye akili ya kufika chuo na asiye na ada ya kufikia. Ni mtoto ambaye nyumbani kwao wanakula, wanavaa, lakini fedha inaishia pale masomo yanapoanza kuwa ghali. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Njaa ninayoizungumzia ni ya kusoma, nayo inaweza kumfanya mtu aliyelelewa vizuri aache kuuliza maswali.

Rafiki yangu mmoja hunibishia kila tukikutana: mbona mvuvi wa bahari kuu analipwa zaidi kwa sababu ya hatari, mchimba madini vilevile, na hatusemi wanarubuniwa? Nimekuwa nikilifikiria jibu kwa miaka. Mchimba madini akishuka shimoni leo akaogopa, kesho anaweza kutua sururu akaenda zake. Atakosa mshahara, basi. Askari akifanya hivyo ametoroka, na kutoroka ni kosa la jinai. Mkataba wa Marekani kwa kawaida unamfunga mtu kwa jumla ya miaka minane, hata kama bango liliandika mitatu au minne, kwa sababu inayobaki anahesabiwa yuko kwenye jeshi la akiba na anaweza kuitwa. Wakati wa vita vya Iraq maelfu ya askari waliomaliza muda wao walizuiwa kuondoka. Walipouliza, jibu lilikuwa ndani ya karatasi waliyosaini wakiwa wavulana na wasichana.

Na kuna jambo zito kuliko la kutoka au kutotoka. Mvuvi anauza hatari ya mwili wake. Askari anaweza kuamriwa aue. Mwili wangu naweza kuuwekea bei, ingawa kwa shida. Je, dhamiri yangu nayo? Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 1971 kwamba mtu hawezi kukataa vita kwa sababu ya dhamiri ikiwa anapinga vita hivyo tu. Lazima awe anapinga vita vyote. Kijana wa miaka 18 hajui atakapofika 21 nchi itakuwa inapigana wapi na kwa sababu gani. Anakabidhi jibu lake kabla ya swali kuulizwa. Akija kuona kwamba vita hivi hasa si vya haki, hana mlango. Na mara nyingi asiyemaliza muda wake anatakiwa kurudisha sehemu ya bonasi ambayo hajaitumikia, au ufadhili wa chuo uliomsomesha. Kwa hiyo dhamiri yake inakuwa na deni la fedha juu yake. Hapo ndipo mimi hushindwa kabisa kuita malipo hayo ujira wa kawaida.

Ahadi ni deni, tunasema. Mwaka 2016 ilifahamika kwamba jeshi la akiba la jimbo la California lilikuwa linawadai karibu askari 10,000 warudishe bonasi walizopewa miaka mingi nyuma, wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan, wengi wao dola 15,000 au zaidi. Zilikuwa zimetolewa isivyo halali na maofisa waliokuwa wanahangaika kujaza nafasi. Mmoja wao alikuwa amekiri mahakamani mwaka 2011 kwamba aliwasilisha madai ya uongo. Askari walikuwa wametimiza sehemu yao. Walikwenda, wengine wakarudi na majeraha, kisha barua za madai zikawafuata nyumbani zikiwa na riba. Waziri wa Ulinzi Ash Carter alisimamisha madai hayo baada ya kelele kuwa kubwa. Ahadi ilikuwa imegeuka deni kweli, isipokuwa mdaiwa alikuwa yule aliyeahidiwa.

Sasa nizungumze na nyinyi mnaozungumza Kiswahili, kwa sababu lugha hii nayo iliwahi kuwa sehemu ya biashara hii. Mwishoni mwa mwaka 2008 Marekani ilianzisha mpango ulioitwa MAVNI. Uliwaruhusu wageni walioko nchini humo kihalali lakini wasio na ukaazi wa kudumu, wakiwemo wanafunzi wenye viza za masomo, kujiunga na jeshi ikiwa wana ujuzi wa tiba au wanazungumza lugha zinazohitajika. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Malipo yake makubwa hayakuwa dola bali uraia, kwa njia ya mkato ambayo wengine huisubiri miaka mingi. Zaidi ya watu 10,000 waliingia kwa mlango huo na wengi walitumikia vizuri na kupata uraia wao.

Kisha mwaka 2016 masharti ya uchunguzi yakakazwa na mpango ukasimama. Wako waliokuwa wamekwisha kusaini, wanasubiri kupelekwa mafunzoni. Walisubiri miezi, wengine miaka, viza zao za masomo zikiisha huku hawajawa askari wala hawajawa raia. Baadhi walikwenda mahakamani. Mwanafunzi mgeni aliyeacha chuo kwa kutegemea ahadi ya jeshi alijikuta anaogopa kuondolewa katika nchi aliyoapa kuilinda. Zile herufi kubwa zilikuwa zinafanya kazi yake.

Kuhusu umri sitakaa sana, kwa sababu kwangu jambo hili halina ubishi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto na vita, iliyopitishwa mwaka 2000, inadai kwamba nchi inayoandikisha walio chini ya miaka 18 ihakikishe hiari yao ni ya kweli, wazazi wameridhia wakijua, na kijana ameelezwa kikamilifu wajibu wa kazi hiyo. Marekani inaandikisha kuanzia miaka 17 kwa ridhaa ya wazazi, Uingereza kuanzia 16. Tangu sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002, Marekani inazitaka shule za sekondari zinazopokea fedha ya serikali kuu ziwape waandikishaji majina, anwani na namba za simu za wanafunzi, isipokuwa mzazi akikataa kwa maandishi. Wazazi wangapi wanajua kwamba wanaweza kukataa? Ofisa anayepiga simu jioni anamjua mtoto wako kwa jina, na wewe humjui yeye. Ana idadi ya watu anayotakiwa kuijaza mwezi huu. Simlaumu, yeye naye ana mkuu wake. Lakini "kuelezwa kikamilifu" hakuwezi kutoka kwa mtu anayepimwa kwa idadi ya saini.

Mtaniuliza ningetaka nini basi. Ningetaka mshahara wa askari uwe mzuri tangu siku ya kwanza na uwe uleule kwa wote wa daraja moja, badala ya donge la fedha linalowekwa mbele ya macho siku ya kusaini. Donge hilo halimlipi kazi, linamlipa saini. Ningetaka kijana akishasaini apewe muda mrefu wa kughairi bila adhabu na bila kutishwa, hata baada ya kuanza mafunzo, kwa sababu ni pale ndipo anapoijua kazi kwa mara ya kwanza. Uingereza, pamoja na kuandikisha watoto wa miaka 16, walau imewapa haki ya kuondoka kabla ya kutimiza 18. Ningetaka kila mwanafunzi asomewe mkataba na mtu asiyelipwa na jeshi, ikiwezekana askari mstaafu, mbele ya mzazi wake. Na kile kipengele cha herufi kubwa kifutwe, au kiwe na pande mbili: serikali ikibadilisha masharti, kijana naye awe huru kwenda zake.

La mwisho ndilo gumu, na halimo mikononi mwa jeshi. Nchi inayotaka kujua kama vijana wake wanajiunga kwa hiari haina budi kuwafungulia mlango mwingine wa kufika chuo. Ufunguliwe huo kwanza, halafu tuone nani bado anachagua sare. Naamini wapo wengi, na jeshi la watu hao ningelisalimu kwa mikono miwili.

Nirudi kwa kijana wangu. Usiku ule, baada ya kumaliza kurasa zote, aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake. "Mwalimu, ungekuwa na ada yangu, ungenipa nisiende?" Sikuwa nayo, na alijua sina. Nilimwambia nitamwombea. Jumatatu akasaini.

Alitumikia miaka yake, akatoka salama, leo yuko chuoni na jeshi linamlipia. Akisikia hotuba hii atasema mwalimu ametia chumvi kidogo, na huenda ana haki ya kusema hivyo kuliko mimi. Lakini mwaka jana simu yangu ililia tena mara nne. Mwandikishaji alikuwa amempigia mdogo wake wa kike, akamtaja kwa jina lake kamili. Kaka mtu alichukua simu, akaomba kurasa zote ziletwe nyumbani kwanza, akamwambia yule ofisa kwamba wataketi nazo kama familia na hawana haraka. Picha zilikuwa za fomu ileile, juu ya meza ileile. Safari hii alikuwa ameshapitisha penseli chini ya "hata kama", na kwenye karatasi ya bonasi alikuwa amelizungushia duara neno "hadi", mara mbili, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.